Akiba Haiozi, Ila Angani: Historia Fupi ya Upepo, Mafuta na Utabiri

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, kazi zimenibana. Leo naweka kando habari za programu na seva, nataka tuzungumze kuhusu upepo. Usikimbie. Kompyuta zimo humu, zitaingia kwa wakati wake.

Chanzo ni safari moja ya mwezi wa Mei. Nilipanda ndege ya alfajiri kutoka Mombasa kuja Nairobi, safari isiyofika saa moja. Tulipokaribia Nairobi ndege ikaanza kuzunguka. Mara ya kwanza nikadhani ni foleni tu, kama ya Mombasa Road. Kisha rubani akatangaza kwamba uwanja umefunikwa na ukungu ambao ulitarajiwa uwe umeshaondoka. Tutasubiri kidogo, na usipoondoka tutarudi tulikotoka.

Mzee mmoja niliyekuwa nimemwamkia wakati wa kupanda alinigeukia. "Mwanangu, si umeniambia wewe ni mtu wa kompyuta? Hawa hawakujua kuna ukungu?"

"Walijua, mzee. Ila walitarajia utaisha mapema."

Akatafakari. "Na mafuta ya kurudi yapo?"

"Lazima yawepo. Ni kanuni."

"Basi hao wana akili," akasema, akaegemea kiti. "Akiba haiozi."

Tukarudi Mombasa. Mkutano wangu ukapita bila mimi. Lakini maneno ya yule mzee hayakunitoka, kwa sababu nilipoanza kusoma jinsi safari za ndege zinavyopangwa niligundua kwamba methali hiyo ni kweli nchi kavu tu. Angani, akiba inaoza.

Inaoza hivi. Mafuta yana uzito, na kubeba uzito kunahitaji mafuta. Kwa makadirio ya kawaida, ndege kubwa hutumia kila saa karibu asilimia 3 ya uzito wowote wa ziada ili kuubeba tu. Ongeza tani moja ya mafuta "ya tahadhari" katika safari ya saa nane, na karibu moja ya tano ya tani hiyo itakuwa imeteketea kabla hujafika, hata kama hukuihitaji. Ukizidisha akiba unachoma pesa na kuacha mizigo ya watu uwanjani. Ukipunguza kupita kiasi, unajua wenyewe kitakachotokea.

Kwa hiyo mafuta ya ziada ndani ya tangi ni kipimo cha shaka. Yanaonyesha ni kwa kiasi gani hatuuamini utabiri. Historia ninayotaka kuwasimulia ni ya jinsi shaka hiyo ilivyopunguzwa, kutoka kubahatisha hadi kuwa namba inayopigiwa hesabu.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la saba

Tuchukue ndege inayotoka Nairobi kwenda London, kama kilomita 6,800. Kasi yake ndani ya hewa ni kilomita 890 kwa saa. Utabiri unasema njiani kutakuwa na upepo wa omo, yaani unaopiga pua ya chombo kama wasemavyo mabaharia wetu, wa wastani wa kilomita 40 kwa saa. 890 toa 40 ni 850. Gawanya 6,800 kwa 850, unapata saa 8 kamili.

Sasa tuseme utabiri umekosea, na upepo halisi ni kilomita 70 kwa saa. Kasi juu ya ardhi inashuka hadi 820, na safari inakuwa ya saa 8 na dakika 18 hivi. Kwa ndege ya injini mbili inayotumia tani 5 za mafuta kwa saa, hiyo ni karibu tani moja na nusu zaidi, uzito wa abiria kama 15 pamoja na mabegi yao. Na kosa la utabiri lilikuwa kilomita 30 kwa saa tu, mwendo wa kijana anayekimbiza baiskeli.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Kugawanya hata simu ya kitambo inaweza. Shida ni kuujua ule upepo kabla hujaondoka.

Mjapani aliyeandika kwa Kiesperanto

Marubani wa mwanzo waliruka chini, na upepo waliujua kwa kutazama moshi na mawimbi. Upepo wa kilomita tisa au kumi juu haukuwa na mtu wa kuutazama. Mmoja wa waliouona mapema ni Wasaburo Oishi, mkuu wa kituo cha Tateno nchini Japani. Kati ya mwaka 1923 na 1925 yeye na wenzake waliachilia maputo mara zaidi ya 1,000 na kuyafuatilia kwa darubini. Waligundua kwamba wakati wa baridi, juu ya Japani, unapita mkondo wa upepo wenye kasi ya ajabu kutoka magharibi kwenda mashariki.

Oishi alitaka dunia nzima ijue. Mwaka 1926 akachapisha ripoti yake kwa Kiesperanto, lugha iliyobuniwa iwe ya mataifa yote. Nia njema kabisa. Matokeo ni kwamba nje ya Japani karibu hakuna aliyeisoma. Sisi tunaoandika programu tunaujua ugonjwa huu: mtu anatengeneza kitu kizuri, halafu anaandika maelezo yake kwa namna ambayo hakuna atakayeyafungua.

Miaka 18 baadaye watu walilipia. Tarehe 24 Novemba 1944 ndege za Marekani aina ya B-29 zilipaa kutoka visiwa vya Mariana kwenda kuishambulia Tokyo. Zilipofika juu ya Japani zilikutana na upepo uliozidi kilomita 200 kwa saa, na mabomu mengi yakakosa shabaha. Wajapani kwa upande wao walikuwa wameanza kuutumia mkondo huohuo kusukuma maputo ya mabomu, karibu 9,000, kuvuka bahari ya Pasifiki kuelekea Marekani.

Ndege iliyopotea milimani

Vita vikaisha, na ndege za abiria zikaanza kupanda juu. Tarehe 2 Agosti 1947 ndege aina ya Lancastrian ya shirika la Uingereza la British South American Airways, iliyoitwa Star Dust, iliondoka Buenos Aires nchini Ajentina kwenda Santiago nchini Chile. Ndani kulikuwa na watu 11. Ilibidi ivuke milima ya Andes, na kwa sababu ya hali mbaya ya hewa ilipanda hadi kama mita 7,300.

Chini kulikuwa na mawingu, hawakuona ardhi. Wakati ule ukiwa katika hali hiyo ulijua mahali ulipo kwa saa na kalamu: kasi yetu ni kadhaa, tumeruka muda kadhaa, kwa hiyo tumefika mahali fulani. Saa 11 na dakika 41 jioni walituma ujumbe kwamba watatua Santiago baada ya dakika nne. Mwishoni mwake likawa na neno lisiloeleweka, STENDEC, ambalo watu wanabishania hadi leo. Kisha kimya.

Walitafutwa wasionekane. Kwa zaidi ya miaka 50 watu wakabuni kila aina ya hadithi, hata za vyombo kutoka sayari nyingine. Mwaka 1998 wapanda milima wawili wa Ajentina wakakuta mabaki ya injini kwenye barafu ya mlima Tupungato, na mwaka 2000 msafara wa jeshi ukapanda kuchunguza. Magurudumu yalikuwa yamekunjwa na propela ilionyesha injini ilikuwa inafanya kazi. Ndege ilikuwa nzima ilipougonga mlima, kama kilomita 80 kabla ya Santiago.

Maelezo yanayokubalika zaidi ni haya: ndani ya ule mkondo wa juu, ndege ilikuwa ikipigana na upepo wa omo mkali ambao hawakuwa nao katika hesabu. Kwa karatasi yao walikuwa wameshaivuka milima. Kwa hakika walikuwa bado upande wa pili. Wakaanza kushuka wakiamini chini yao kuna tambarare.

Nimeisoma habari hiyo mara nyingi, na kinachonishtua ni kwamba hesabu yao haikuwa na kosa. Kugawanya waligawanya sawasawa. Namba moja tu waliyoiingiza haikuwa ya kweli, na watu 11 wakafa.

Miaka mitano baadaye upepo huohuo uligeuzwa kuwa rafiki. Novemba 1952 ndege ya Pan Am iliruka kutoka Tokyo hadi Honolulu ikiwa ndani ya mkondo, mgongo wake ukisukumwa, kwenye mita 7,600. Safari iliyokuwa ikichukua saa 18 ikachukua saa 11 na nusu. Tangu hapo mashirika yakaelewa kwamba njia fupi kwenye ramani inaweza kuwa ndefu kwa saa, na kwamba anayeujua upepo wa kesho ana pesa mkononi.

Hitilafu ya Richardson

Lakini utaujuaje upepo wa kesho? Hapa ndipo fani yetu inaingia, na inaingia kwa kosa kubwa.

Mwingereza Lewis Fry Richardson aliamini kwamba hewa inafuata kanuni za fizikia, na kwa hiyo kesho inaweza kukokotolewa. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alikuwa Ufaransa akiendesha gari la wagonjwa, kwa maana imani yake ilimkataza kupigana. Huko, karibu na mizinga, alipata muda wa kukokotoa kwa mkono mabadiliko ya saa sita tu ya hewa ya Ulaya ya kati, siku ya tarehe 20 Mei 1910. Jibu lake lilisema kanieneo ya hewa itapanda kwa milibari 145. Siku ile yenyewe ilikuwa karibu haikubadilika kabisa.

Aliyachapisha hayo mwaka 1922 bila kuficha kosa. Katika kitabu hichohicho akawaza ukumbi mkubwa wenye watu 64,000 wakikokotoa kwa pamoja, kila mmoja na kipande chake cha dunia, na kiongozi katikati akiwawekea mwendo. Mwenzangu, hiyo ni kompyuta yenye prosesa nyingi, miaka mingi kabla ya kompyuta.

Baadaye mtaalamu wa Ireland, Peter Lynch, alirudia hesabu ile na kuonyesha kwamba mbinu ya Richardson ilikuwa nzuri. Tatizo lilikuwa data ya mwanzo: vipimo vya upepo na kanieneo havikuwa vimelingana, na hilo kosa dogo likakuzwa hadi likawa milibari 145. Vipimo vikilainishwa kwanza, jibu linakuwa la maana. Kama Star Dust vile, ubaya uliingia kwa mlango wa mbele, pamoja na data.

Mwaka 1950 Jule Charney, John von Neumann na wenzao waliitumia kompyuta ya ENIAC kule Marekani kutengeneza utabiri wa saa 24. Kila mmoja ulichukua karibu saa 24 kukokotolewa, kwa hiyo kesho ilifika pamoja na utabiri wake. Mwaka 2008 Peter Lynch na Owen Lynch waliiandika upya programu ile na kuiendesha kwenye simu ya Nokia 6300. Utabiri mmoja ulichukua chini ya sekunde moja. Mjomba wangu alikuwa na simu hiyo, na tuliitumia kwa mchezo wa nyoka.

Utabiri unavyogeuka kuwa mafuta

Mwaka 1982 shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, lilianzisha mfumo wa utabiri wa dunia nzima wenye vituo viwili, London na Washington, kimoja kikiwa tayari kushika kazi ya mwenzake kikizimika. Vituo hivyo husambaza upepo na joto kwa kila urefu, vikiwa vimegawanywa kwa miraba kama ubao wa dama. Programu ya kupanga safari huchukua miraba hiyo, hujaribu njia nyingi na urefu tofauti, kisha hutoa njia moja na kiasi cha mafuta.

Mafuta hayo hupangwa kwa tabaka. Kuna ya safari yenyewe. Kuna ya kwenda uwanja mwingine ukishindwa kutua. Kuna ya mwisho, ya dakika 30 kwa ndege za jeti, ambayo hupangi kuyagusa kabisa. Na kuna tabaka ninalolipenda mimi, la mambo yasiyotarajiwa: kwa kanuni ya kawaida, asilimia 5 ya mafuta ya safari, na yasipungue ya dakika tano. Humo ndimo kosa la utabiri linamokaa.

Upepo si peke yake. Joto nalo lina neno, hasa kwetu. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Hewa hapo tayari ni nyembamba: mabawa yanapata nguvu ndogo ya kuinuka na injini zinapata hewa kidogo ya kuvuta. Jua likiwaka na joto kufika nyuzi 26, ndege inajihisi kama iko kwenye mita 2,400 hivi. Njia ya kurukia ina urefu wa zaidi ya kilomita nne na bado kuna uzito ambao ndege haiwezi kupaa nao. Mzigo hupangwa saa kadhaa mapema kwa kufuata joto lililotabiriwa, kwa hiyo mchana ukiwa mkali kuliko utabiri, kuna kreti za maua zitakazobaki chini. Moja ya faida za kuondoka usiku ni hiyo.

Kujua umekosea kiasi gani

Mwaka wangu wa kwanza kazini niliandika programu ya kukadiria lori litafika lini kutoka bandarini. Ikatoa jibu: saa 9 na dakika 42. Mkubwa wangu akatazama, akaniuliza kwa upole, "Hizo dakika 42 umezitoa wapi?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimetoa namba bila kutoa shaka yake.

Wataalamu wa hewa walifundishwa somo hilo na Edward Lorenz. Mwaka 1961 alirudia hesabu kwenye kompyuta yake akaandika 0.506 badala ya 0.506127. Baada ya muda hewa ya pili haikufanana na ya kwanza hata kidogo. Ndio sababu tangu mwaka 1992 vituo vikubwa vya Ulaya na Marekani vinaendesha utabiri uleule mara nyingi, kila mara vikitikisa kidogo namba za mwanzo. Majibu yakikaribiana, amini. Yakitawanyika, ongeza mafuta.

Na ndege zenyewe zimekuwa wapimaji. Nyingi hutuma upepo na joto zinavyoruka, na vipimo hivyo hurudi kulisha utabiri unaofuata. Mwaka 2020, Korona ilipozifungia ndege chini, zaidi ya nusu ya vipimo hivyo vilitoweka Ulaya kwa wiki chache, na vituo vya utabiri vikapungukiwa chakula.

Hapa narudi nyumbani. Ulaya ilipungukiwa kwa muda, sisi tumeishi na upungufu. Afrika ni miongoni mwa mabara yenye vituo vichache vya kupima hewa ya juu kwa ukubwa wake. Puto linaloachiliwa kutoka Dagoretti Corner hapa Nairobi linabeba mzigo wa eneo kubwa sana. Mfano wa gharama ya kutopima ni Turkana. Wenyeji wa kule waliujua upepo wao vizazi na vizazi, lakini ilikuwa hadi mwaka 1982 ndipo Mkenya J. H. Kinuthia na mwenzake G. C. Asnani walipouandika katika jarida la kisayansi, wakiuita mkondo mpya uliogunduliwa. Mwaka 2021 watafiti walirudi huko na maputo kuupima upya. Rubani wa ndege ndogo anayekwenda Lodwar ana haja na vipimo hivyo kuliko mtu yeyote, kwa maana tangi lake ni dogo na viwanja vya kukimbilia ni vichache.

Kwa hiyo mtu akiniambia kompyuta kubwa zaidi ndiyo itakayotupa utabiri bora, namwambia ndiyo, lakini kwanza anunue maputo. Richardson na rubani wa Star Dust wote waliangushwa na namba ya mwanzo.

Turudi kwa yule mzee. Tulikaa Mombasa saa mbili tukinywa chai, kisha tukaruka tena. Nikamweleza habari ya mafuta yanayobeba mafuta, kwamba akiba ya angani inaoza. Akasikiliza hadi mwisho, akacheka.

"Sawa, mwanangu. Lakini leo ilioza ikiwa mikononi mwetu."

Sikuweza kumbishia. Haya, tukijaliwa tutaonana tena. Na siku ukiambiwa ndege imechelewa kwa sababu ya hewa, usimfokee yule dada wa kaunta. Kuna mtu ameamua kutokubahatisha na namba.